Mitishamba kwa mgonjwa wa kemo: kipi umpe, kipi ukiweke kando

Mama aliporudi na basi kutoka hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, baada ya dripu ya pili ya kemo, yaani dawa za saratani, alikuta chupa saba mezani kwetu Chikongola, Mtwara. Mlonge uliosagwa, mafuta ya habasoda, maji ya shubiri, mwarobaini, asali iliyokorogwa na manjano, magome ambayo hata aliyeyaleta hakuyajua jina, na chupa ya saba isiyo na karatasi yoyote. Kila chupa ililetwa na mtu anayempenda mama, na ugumu wenyewe ndio huo.

Shubiri nilimnywesha mimi. Niliambiwa inasafisha sumu ya kemo mwilini. Usiku ule alikwenda chooni mara sita, alfajiri macho yamezama na midomo imekauka, tukamkimbiza hospitali akawekewa maji. Dripu ya tatu ikasogezwa wiki nzima. Laiti ningeyajua haya ninayoyaandika leo, mama asingepitia usiku ule.

Tangu hapo nimeuguza kwa mizunguko yote iliyobaki, nikiuliza wauguzi, nikiandika, nikijaribu. Vitu vya nyumbani vinasaidia kweli, hasa kichefuchefu na vidonda vya mdomo. Vina masharti yake, na kazi yake ni kutuliza. Saratani inatibiwa na dripu ile.

Hatua ya kwanza: fungua daftari kabla hujafungua chupa

Nunua daftari la shule. Ukurasa wa kwanza andika majina ya dawa zinazopita kwenye dripu. Mwombe muuguzi akuandikie, hawakatai. Usiridhike na neno "kemo" peke yake, maana kemo ni dawa nyingi na kila moja ina tabia yake. Doksorubisini, ile nyekundu, hugeuza mkojo kuwa mwekundu siku moja au mbili. Ni rangi ya dawa tu. Vinkristini hufunga choo. Sisplatini hutapisha sana na huelemea figo. Paklitakseli huleta ganzi vidoleni. Ukijua jina, unajua cha kujiandaa nacho.

Kisha hesabu siku. Siku ya dripu ni siku ya kwanza. Kwa dawa nyingi, kati ya siku ya 7 na ya 14 chembe nyeupe za damu hushuka chini kabisa, na mwili unakuwa kama nyumba isiyo na mlango. Nilizizungushia kalamu nyekundu siku hizo. Mambo mengi hapa chini yanategemea siku hizo.

Ukurasa wa pili uandike kila kinachoingia mdomoni ambacho si chakula: vidonge vya presha, vya sukari, ARV, na mitishamba yote, hata ile aliyoionja mara moja. Daftari hili lisafiri naye kila anapokwenda kliniki.

Hatua ya pili: zitenge chupa

Kanuni niliyoishika ni hii: kitu alichokuwa akikila kabla ya kuugua, kwa kiasi kile kile, kinabaki jikoni. Kikishakamuliwa, kikasagwa au kukaushwa ili anywe kijiko kizima asubuhi na jioni, hicho si chakula tena, ni dawa. Na dawa haichanganywi na kemo bila daktari kujua.

Manjano ndani ya mchuzi wa samaki, sawa. Manjano vijiko viwili kwa siku na pilipili manga ili iingie vizuri mwilini, weka kando. Majani ya mlonge yaliyopikwa kwa nazi na karanga, mpe ale. Unga wa mlonge kwa vijiko, subiri. Mizizi na magome yake yana sumu, usiyaguse kabisa. Kitunguu saumu kwenye chakula hakina neno, lakini punje tano mbichi kila asubuhi zinaweza kumzidishia hatari ya kutokwa damu wakati kemo imeshusha chembe sahani zinazogandisha damu. Habasoda, naiheshimu kama Muislamu yeyote wa pwani hii. Ikinyunyizwa juu ya mkate haina shida. Mafuta yake kwa vijiko ni jambo jingine: yanaweza kugusa ugandaji wa damu, sukari na presha, kwa hiyo yangoje mpaka daktari aseme.

Shubiri na mwarobaini vitoke. Utomvu wa shubiri huharisha kwa nguvu, na mwarobaini uliochemshwa mkali unaweza kuumiza ini na figo ambazo tayari zimebebeshwa mzigo. Chupa isiyo na jina nayo itoke, hata kama imeletwa na nani.

Na matunda mawili ambayo watu hawayashuku: balungi na danzi. Ini lina vimeng'enya vinavyovunja dawa ili zitoke mwilini, na matunda haya huvizuia baadhi. Dawa ikakaa kwenye damu nyingi kuliko alivyopima daktari. Kuna dawa zinazotumia njia hiyo na zisizotumia. Muulize mfamasia, na mpaka akujibu mpe chungwa la kawaida.

Hatua ya tatu: sema, kwa daktari na kwa wazee

Kwa daktari ni rahisi kuliko tunavyofikiri. Wengi tunaficha kwa kuogopa kufokewa. Nilipomfungulia muuguzi ule ukurasa wa pili, aliusoma wote, akaweka alama kwenye vitu vitatu, akasema hivi viache, hivi endelea. Ilichukua dakika tano.

Kwa wazee ndiko kwenye kazi. Sisi watu wa kusini tunajua mjomba ni nani ndani ya nyumba. Yale magome aliyaleta yeye, kayabeba kutoka Newala juu ya mapaja yake mpaka Mtwara mjini. Huwezi kumwambia mzee kama huyo "chukua dawa yako". Nilimwandalia kiti, nikamwamkia, nikampa maji, ndipo nikasema.

"Mjomba, dawa yako nimeipokea kwa mikono miwili. Ila naomba tuitunze kabatini mpaka dripu ziishe."

"Kwa nini? Ninyi wa mjini mnaona miti ni uchafu."

"Hapana, mjomba. Hata ile dripu ni mti."

Na ni kweli. Lile ua dogo la rangi ya waridi au jeupe, asili yake Madagaska, ambalo watu wengi wamelipanda mbele ya nyumba, ndilo lililotoa vinkristini na vinblastini, dawa zinazotibu saratani tangu miaka ya 1960. Paklitakseli ilitoka kwenye gamba la mti wa Marekani. Nikamweleza mjomba kwamba mama tayari anakunywa mti, uliopimwa kwa miligramu kulingana na urefu na uzito wake, na mti wa pili juu ya wa kwanza hatujui watagombana vipi. Mjomba alinyamaza kidogo, akasema, "Basi hapo nimekuelewa, mpwa wangu." Magome yakakaa kabatini. (Usije ukachemsha majani ya lile ua ukidhani unaongezea dripu. Ni sumu, na kipimo chake hakijulikani na mtu wa nyumbani.)

Mganga aliyesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, ni afadhali kuliko muuzaji wa stendi. Lakini usajili hauna maana kwamba dawa yake imepimwa pamoja na kemo. Naye mweleze mgonjwa yuko kwenye dripu gani.

Hatua ya nne: kichefuchefu

Hapa ndipo tangawizi inapostahili sifa zake. Mwaka 2012 ulitoka utafiti mkubwa wa Marekani uliofuatilia wagonjwa 576 wa kemo. Walipewa tangawizi kwa siku 6, kuanzia siku 3 kabla ya dripu, pamoja na dawa za kawaida za kuzuia kutapika. Kichefuchefu cha siku ya dripu kilipungua, na waliofaidika zaidi ni waliopata nusu gramu hadi gramu moja kwa siku. Waliopata gramu moja na nusu hawakuwashinda. Tafiti nyingine hazikuona tofauti, kwa hiyo usiifanye muujiza. Ila mafunzo mawili nayashika: kidogo kinatosha, na huanza kabla, huku vidonge vya hospitali vikiendelea.

Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba takriban gramu 2 za unga wa tangawizi. Kwa hiyo robo kijiko asubuhi na robo jioni inatimiza kiasi chote cha siku. Nilivyokuwa nikifanya:

Chemsha vikombe viwili vya maji. Tia robo kijiko cha unga wa tangawizi, au kipande kibichi cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba, kilichooshwa na kupondwa. Kama anapenda harufu, ongeza jani moja la mchaichai. Funika, acha dakika kumi, chuja. Mpe ikiwa vuguvugu, funda moja moja, nusu saa kabla ya chakula. Tangawizi ya moto sana au kali kama ile ya wauza kahawa wa jioni itamchoma tumbo lililokwisha kuchubuka.

Usimpe tangawizi ya dawa kama anameza warfarini au dawa nyingine ya kuyeyusha damu, kama chembe sahani zimeshuka, au kama fizi na pua vinatoa damu. Vivyo hivyo kama ana vidonda vya tumbo. Na kidonge cha ondansetroni, kile cha hospitali cha kuzuia kutapika, kimezwe kwa saa yake hata kama anajisikia vizuri. Mama alikuwa akikiacha "kwa sababu leo sijambo", kesho yake anatapika kutwa. Kuzuia ni rahisi kuliko kutuliza kilichokwisha kuanza.

Zaidi ya tangawizi, pambana na harufu. Siku tatu za kwanza tulihamishia jiko la mkaa nyuma ya nyumba ya jirani, na samaki hawakukaangwa kwetu. Chakula alikula kikiwa kimepoa, maana kilichopoa hakinuki sana: muhogo wa kuchemsha, viazi vitamu, uji mwepesi. Ganda la ndimu lililokunwa kidogo, akalinusa ndani ya kitambaa, lilimsaidia kwenye basi, safari ile ya zaidi ya kilomita 550. Asilazwe chali mara baada ya kula. Akishindwa kushika hata maji kwa siku nzima, tangawizi imefika mwisho wake, mpeleke hospitali.

Hatua ya tano: mdomo

Vidonda vya mdomo huanza kimya, mara nyingi kuanzia siku ya 5 hivi. Usisubiri vitokee. Chemsha maji lita moja, yapoe, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha bikaboneti ile ya kupikia. Asukutue kila baada ya kula na kabla ya kulala, ateme. Tengeneza mapya kila siku.

Angalia sana hapo kwenye bikaboneti. Magadi ya sokoni, tunayolainishia kisamvu na maharage, ni makali na yatamuunguza. Magadi soda ya kutengenezea sabuni ndiyo kabisa, hayo ni hatari kubwa. Kama huna uhakika ulichonacho ni kipi, tumia chumvi peke yake, inatosha.

Asali ina ushahidi mzuri kwa vidonda vya mdomo, hasa kwa wagonjwa wanaopigwa mionzi ya kichwa na shingo: kijiko kimoja, kikae mdomoni kikizungushwa taratibu, kisha ameze. Lakini asali mbichi ya mzinga, ile yenye vipande vya masega, inaweza kuwa na vijidudu. Siku zile za kalamu nyekundu mimi nilikuwa siitoi, na muuguzi aliniunga mkono. Mwenye kisukari naye aulizie kwanza.

Mswaki wa mti mama aliupenda tangu utoto, ila nyuzi zake huchana fizi. Tulimnunulia mswaki laini wa dukani, akaukubali kwa shida. Ndimu, embe bichi la chumvi na pilipili, achari, vyote vikae mbali mpaka mdomo upone. Midomo ikikauka, mafuta safi ya nazi. Ukiona utando mweupe ulimini usioondoka, hao ni fangasi na wanahitaji dawa ya hospitali.

Hatua ya sita: tumbo

Akiharisha, kazi yako ya kwanza ni maji. Kama huna pakiti za ORS, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa. Chumvi isizidi. Dafu ni zuri pia, nasi tunalo kila kona, lakini lina potasiamu nyingi. Kama figo zake zina matatizo, au daktari amesema potasiamu iko juu, liache. Uji wa mchele, ndizi mbivu, muhogo. Akizidisha mara 4 juu ya kawaida yake kwa siku, au ukiona damu, usikae naye nyumbani.

Akifunga choo, lawama mara nyingi ni za vinkristini au ondansetroni yenyewe. Papai bivu, maji ya ukwaju yaliyochemshwa, maji mengi, kutembea kidogo uani jioni. Sanamaki ni dawa kweli ya choo na hata hospitali hutumia dawa za jamii yake, ndiyo maana kipimo chake akupe muuguzi. Kupiga bomba, yaani kuingiziwa maji kwa njia ya haja kubwa, ni marufuku wakati huu: kamchubuko kadogo huko ndani ni mlango wa maambukizi na damu.

Kula

Hamu ya chakula ilimpotea mama mpaka akasema kila kitu kina ladha ya misumari. Tuliacha sahani kubwa na kuanza vikombe vidogo, mara sita kwa siku. Uji wa ulezi au wa mtama uliokorogwa na korosho zilizosagwa ndio uliomshikilia; hapa kwetu korosho si anasa, na kikombe kimoja cha uji ule kina nguvu kuliko sahani ya ugali aliyoikataa. Ufuta uliosagwa pia. Kijiko cha chuma kilimkera, tukampa cha mbao. Ming'oko, vile viazi vya porini vya huku kwetu, alizitamani sana, tukachemsha wenyewe nyumbani na kummenyea kwa mikono iliyooshwa, kwa sababu zile za barabarani, siku za kalamu nyekundu, hapana. Siku hizo hakuna pia kachumbari, maziwa mgando ya mtaani, juisi ya miwa wala samaki wa jana.

Mengine nitayapita haraka. Ganzi ya vidole haina mtishamba ninaoujua wa kuiondoa; mwambie daktari mapema, avae viatu ndani, na asipime maji ya moto kwa mkono wake. Ngozi kavu ipakwe mafuta ya nazi yasiyo na marashi, isipokuwa sehemu inayopigwa mionzi, hapo uliza kwanza. Nywele zitarudi. Wasichana wakimtaka wampake hina wamfurahishe, iwe hina ya majani matupu kwenye viganja. Piko, ile nyeusi, ina kemikali inayoweza kumbabua, na kichwani isifike.

Homa haina hatua ya nyumbani

Hapa ndipo tunapowapoteza watu huku kwetu. Mtu akipata homa Mtwara au Lindi, akili inakwenda kwenye malaria: anapewa mwarobaini, anafukizwa, anameza panadoli, tunangoja kesho. Kwa aliye kwenye kemo, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14, homa ya nyuzi 38 inaweza kuwa maambukizi yaliyoingia kwenye damu, na mwili hauna askari wa kupigana. Saa chache zinaweza kumaliza kila kitu. Panadoli itashusha joto na kukudanganya amepona.

Nunua kipimajoto, weka pamoja na daftari. Pima kabla hujampa chochote. Ikifika 38, au akitetemeka kwa baridi hata kama kipimo kiko chini, ondoka naye usiku huo huo kwenda hospitali iliyo karibu nawe, iwe Ligula, ile ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Sokoine kule Lindi, Ndanda au Nyangao. Ukifika mapokezi usiseme "ana homa". Sema: "Yuko kwenye kemo, leo ni siku ya kumi tangu dripu, ana nyuzi 38." Wapime malaria, ndiyo, lakini waangalie na chembe nyeupe, na wasisubiri majibu yote ndipo waanze dawa.

Namba ya bajaji inayofanya kazi usiku iandikwe kwenye jalada la lile daftari, kwa herufi kubwa, ili hata mtoto aweze kuisoma na kupiga.